Jani la Mgomba Kwenye Nguzo ya 117

Saa moja asubuhi, ukungu bado umeifunika Magamba, na simu ya zahanati ya Malindi, huku milima ya Usambara, imekufa. Fanueli Shemhilu yuko njiani tayari, vyuma vyake vya kupandia nguzo vikigongana begani. Mwandishi wa makala haya, aliyejiona kijana, anamfuata akihema.

"Ulisema unafanya mazoezi," Fanueli anamtania bila kugeuka. "Mazoezi gani hayo, ya kukaa mezani?"

Fanueli, mwenye miaka hamsini na mitatu, ndiye fundi pekee wa laini ya Lushoto hadi Malindi. Ana nguzo 340, nyingi zikiwa ndani ya msitu. Simu hiyo moja ndiyo inayoita gari la wagonjwa kutoka Lushoto, na masika haya ya 1975 ndiyo yatakayoamua kama itabaki. Wakubwa wake wamemwandikia kwamba ikinyamaza zaidi ya siku kumi msimu huu, itang'olewa, waya upelekwe kwingine. Siku nane zimeshakwenda.

"Mwaka jana tulipoteza siku ishirini na tatu," anasema. "Siwalaumu wakubwa."

Tisa kati ya hizo zinamchekesha leo, ingawa wakati ule nusura alie. Mti uliangusha waya karibu na shamba la Jenoveva, mkulima wa viazi. Yeye na majirani, kwa moyo safi kabisa wa ujamaa, waliuokota, wakauunga kwa kamba za migomba na kuufunga juu ya mti wa muwati. Fanueli akapita chini yake mara tatu, macho juu, akaona kila kitu kiko sawa.

"Walifunga vizuri kuliko mimi!" anasema. "Lakini waya ukigusa mti uliolowa, sauti inaishia ardhini."

Ndani ya siku hizo tisa, mkamwana wa Jenoveva, Secilia, alishikwa na uchungu. Gari halikuitwa. Alibebwa kwa machela hadi Lushoto, na kwa bahati mama na mtoto wakapona.

Fanueli hakumgombeza mtu. Alikwenda nyumba kwa nyumba akigawa nguzo, kila moja na mlezi wake. Waya ukianguka, mlezi haugusi. Anafunga jani bichi la mgomba kwenye nguzo ya karibu ili fundi alione toka mbali, kisha anampasha habari mlezi wa nguzo inayofuata kuelekea Lushoto, naye vivyo hivyo, mpaka habari imfikie Fanueli.

Februari iliyopita, kabla ya mvua, aliushusha waya mwenyewe mara kadhaa, mahali ambapo hakupataja, halafu akakaa kusubiri. Mara ya kwanza habari ilimfikia jioni. Mara ya mwisho ilichukua dakika hamsini.

Leo imemkuta hajamaliza chai.

Jani linaonekana toka kwenye kona. Chini yake amesimama Jenoveva, mlezi wa nguzo hii ya 117, fimbo mkononi, akiwafukuza mbuzi waya usije ukawatatiza.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama. Umeugusa?"

"Niuguse tena? Thubutu!" Kisha anamgeukia mwandishi, sauti imeshuka. "Nilimwona Secilia kwenye ile machela, nikajua ni mikono yangu. Sisahau."

Fanueli anapanda. Anafunga kikombe kipya cha kaure cha kushikilia waya usiguse nguzo, anavuta waya, anaukaza. Saa tatu na nusu anaunganisha simu yake ndogo ya kupimia, yenye waya mrefu wa kufika chini.

"Malindi? Mnanipata?"

Akishuka, anampa Jenoveva simu hiyo, kwani ndivyo walivyokubaliana: mlezi haondoi jani mpaka asikie mwenyewe. Mama anasikiliza, anaitikia salamu za mganga, anacheka. Ndipo anapolifungua jani.

Zimebaki wiki tatu za mvua na siku mbili za kupoteza. Fanueli hana wasiwasi.

"Zinatosha, na chenji itabaki," anasema. "Kinachonisumbua ni kustaafu, mwaka kesho kutwa. Nataka kabla ya hapo masika moja nikae nyumbani, nguzo ianguke, nami nisijue mpaka imesimama."

"Na atakayepanda ni nani?" anauliza mwandishi.

"Mie," anasema Jenoveva. "Hivyo vyuma si vya mwanamume peke yake."

Fanueli anainama, anavifungua vyuma miguuni mwake, na kuanza kulegeza mikanda ili imwenee Jenoveva.