Kamati Iliyokuja Kumwona Mama

Mpaka leo mtu akinitumia salamu kwamba atakuja kunitembelea kesho saa nane mchana, natamani kufunga mlango. Si uchoyo. Ni kwamba nilipokuwa darasa la tano familia yetu ilisaidiwa, na msaada wenyewe ulikaribia kutumaliza.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, mkoa wetu bado unaitwa Ziwa Magharibi. Tulitoka kwenye kibanja chetu, shamba la migomba lenye nyumba katikati, huko milimani karibu na Muleba, tukateremka hadi Ngenge, kwenye uwanda wa mahindi na pamba na jua kali. Miezi mitatu kabla ya lori kuja kutuchukua, mama alikuwa amemzika mwanawe wa miezi minane nyuma ya nyumba, kati ya migomba, walikolala wazee wetu wote. Kwetu mtu huzikwa kibanjani ili asiwe mbali na watu wake. Sisi tukapakia vyungu na magodoro, tukapanda lori, tukamwacha.

Baba alibaki Kemondo, alikokuwa akipakia magunia ya kahawa bandarini. Alikuja mara moja kwa mwezi na samaki wakavu na ushauri. Samaki walikuwa wa namna tofauti tofauti, lakini ushauri ulikuwa uleule: mama ajikaze. Akishausema, alikula, akalala, asubuhi akarudi Kemondo.

Mama hakuwa na kitu cha kujikaza nacho. Kutwa nzima alilala kwenye mkeka ameelekea ukutani, au alikaa nyuma ya nyumba akiitazama milima tuliyotoka. Mdogo wangu wa kike, wa miaka mitatu, alikula nilichompikia mimi, na mimi nilijua kupika uji tu. Siku moja nilirudi kutoka shule nikamkuta mtoto anachezea majivu ya moto karibu na mafiga, analia kwa sauti iliyokwisha kukauka, na mama yuko hatua tano tu kutoka hapo hasikii. Tangu siku hiyo nilikuwa nikitoka shule mbio. Niliogopa kwamba nitafika nimkute mmoja wao amekufa, na sikujua ni yupi.

Darasani nililala. Nikiamshwa, niligombana. Nilimng'ata mwenzangu mkono kwa sababu ya kifutio, na hapo ndipo mwalimu mkuu aliponiita ofisini.

Hakuwa mtu mbaya, niseme haki yake. Alikuwa ametoka semina Bukoba mjini, akarudi na neno jipya, malezi, na daftari jipya la kuliandikia. Huko walifundishwa kwamba mtoto akiharibika shuleni, chanzo kitafutwe nyumbani, na kwamba shule ishikane na kijiji kuitegemeza familia. Nami leo nakubali kila neno la mafundisho hayo. Kinachonikera ni jinsi yalivyotekelezwa. Hakuniuliza kitu. Aliunda kamati.

Kamati ilikuwa ya watu watatu: yeye mwenyewe, Bibi Maendeleo wa kata, na balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mwenye kofia ya pama ambaye alizungumza machache na kula sana. Walipanga kututembelea kila Jumatano. Na kwa kuwa walikuwa watu wa adabu, wasingeweza kumvamia mke wa mtu nyumbani kwake bila taarifa. Kila Jumanne mwalimu mkuu aliandika kikaratasi, akanipa mimi nikipeleke. Mama hakujua kusoma, kwa hiyo nilimsomea mimi.

Asiyelelewa kwetu hatajua kikaratasi kile kilimfanyia nini mama. Mgeni ni mgeni. Haangalii kama umefiwa au unaumwa au unataka dunia ikumeze. Mama akisikia Jumatano saa nane, aliinuka kwenye ule mkeka sijui kwa nguvu za nani. Alinituma nikakate majani mabichi ya kutandika chini sebuleni. Alinituma maji, na kisima cha Ngenge kilikuwa mwendo wa saa nzima kwenda na kurudi, kwa hiyo Jumatano sikwenda shule. Alinituma kwa jirani kuomba mkungu, maana migomba yetu ilikuwa imekataa kuota kwenye ule udongo. Alioga, akachana nywele, akafunga kanga mbili zinazofanana. Saa nane wageni walipopiga hodi, walimkuta mama anayecheka.

Mimi nilipiga magoti kuwasalimia mmoja mmoja, nikapitisha kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, nikaleta maji ya kunawa, nikaleta chakula, nikaondoa vyombo. Mama aliwauliza habari za watoto wao, za mashamba yao, za mguu wa balozi. Wao wakamwuliza habari zake.

"Tuko salama, waitu," alijibu, kwa lile neno la heshima la kwetu. "Tunashukuru Mungu."

Mwalimu mkuu aliandika kwenye daftari. Walikaa saa mbili, wakaaga, wakasindikizwa hadi njiani kama desturi inavyotaka. Mama alirudi ndani, akavua kanga, akalala. Hakuinuka Alhamisi. Hakuinuka Ijumaa. Mkungu wa kuomba ulikuwa umeishia tumboni mwa kamati, na sisi tukarudi kwenye uji.

Hivyo ndivyo tulivyotegemezwa kwa Jumatano saba.

Baada ya ile ya saba niliitwa ofisini tena. Daftari lilikuwa wazi mezani na nilikuwa nimejifunza kusoma maandishi yaliyogeuzwa, ujuzi ambao shule haikujua imenifundisha. Nilisoma: Mama mchangamfu. Nyumba safi. Chakula kipo. Mwalimu mkuu aliniambia kwa masikitiko kwamba kamati imechunguza nyumbani kwetu na haikuona tatizo, kwa hiyo tatizo ni mimi. Nilikuwa nakosa shule kila Jumatano, tena bila sababu. Nilipewa adhabu ya kupalilia mistari kumi ya pamba kwenye shamba la shule. Nilipalilia nikilia kwa hasira, na pamba nyingine niling'oa makusudi. Sijutii hata leo.

Jumanne iliyofuata akanipa kikaratasi. Kesho saa nane, kamati itafika kwa ziara ya kufunga kazi. Walikuwa wanatufuta kwenye orodha kwa kuwa tumepona.

Nilikificha kwenye kaptula niliyovaa ndani ya sketi yangu ya shule, nikafika nyumbani, nikapika uji. Mama alikuwa ukutani. Mara tatu nilifungua mdomo nimwambie, kwa maana nilijua ninachomfanyia. Kumwacha mama yako akutwe na wageni nyumba haina majani, moto haujawashwa, kanga imemvuka, kwetu ni sawa na kumtoa uchi barabarani. Sikusema. Jumatano asubuhi sikukata majani, sikwenda kisimani. Nilikaa mlangoni nikasubiri.

Walikuja saa nane kamili. Balozi alipiga hodi, akaingia nusu, akarudi nyuma akamkanyaga mwalimu mkuu. Mama alikuwa chini kwenye mkeka na nywele za wiki nzima. Mdogo wangu alikuwa amekaa kando yake, majivu hadi kwenye nyusi.

"Tulituma taarifa," mwalimu mkuu alisema. Alisema kama mtu anayejitetea mbele ya baraza la wazee.

Mama alinitazama.

"Sikumsomea," nikasema.

Alijaribu kuinuka, mkono mmoja ukitafuta kanga. "Leta kahawa," aliniambia. "Leta maji wageni wanawe."

"Maji hayapo," nikasema. "Na kahawa sileti."

Balozi alivua kofia yake, akaivaa tena. Mwalimu mkuu alikuwa ameshika daftari na kalamu, hajui aviweke wapi. Aliyejua la kufanya ni Bibi Maendeleo. Alivua viatu, akaketi kwenye udongo mtupu karibu na mama, akampakata mdogo wangu na majivu yake yote kwenye gauni lake jeupe. Hakumwuliza mama habari. Alimpangusa mtoto majivu ya nyusi, na mama akaanza kusema, akiwa ameelekea ukutani.

"Mwanangu yuko peke yake kule," alisema. "Hakuna anayempalilia. Mvua zimenyesha mara mbili. Nyasi zimeshamfunika, na mimi niko hapa natandika majani nikaribishe wageni."

Mwalimu mkuu alitoka nje. Nilidhani amekasirika, kumbe alikuwa nyuma ya nyumba anajipangusa uso kwa mkono wa shati. Baadaye aliniuliza kwa nini sikumwambia mapema. Nilimjibu kwamba kamati ilikuja mara saba na haikuniuliza lolote zaidi ya maji ya kunawa. Kwa jibu lile ningestahili fimbo, ila hakuinua mkono.

Lililofuata lilikuwa jepesi mpaka linaudhi, kwa kuwa lingewezekana tangu wiki ya kwanza. Bibi Maendeleo aliwaambia wanawake wanne wa jirani wasiwe wageni. Walikuja bila taarifa, kila mmoja na ndoo yake ya maji, wakipitia mlango wa jikoni, wakapika, wakamwogesha mtoto, wakaondoka bila kuketi. Balozi, yule mla ndizi, alimbembeleza dereva wa lori la kijiji ampandishe mama hadi Muleba safari ya kwanza itakayopatikana.

Mama mwenyewe hakusema nami neno. Siku kumi na moja, nilizihesabu. Aliwaambia wale wanawake, nami nikisikia, kwamba mwanawe amemvua nguo mbele ya watu. Siku ya lori alichukua jembe, akapanda, hakuniaga. Aliwaambia wanawake kwamba atarudi kesho yake. Hakurudi. Siku ya tatu hakurudi. Nilijua kwamba kule milimani kuna nyumba ya shangazi, kuna migomba, kuna mtoto anayempenda ambaye hajawahi kumwaibisha, na nikaamini kwamba amechagua. Nilimbeba mdogo wangu mgongoni hadi njia panda, nikasimama pale jioni zote tatu.

Siku ya nne lori lilisimama, akashuka. Miguu ilikuwa imejaa udongo mwekundu wa kwetu, na viganja vimechubuka kwa jembe. Alimpokea mtoto kutoka mgongoni mwangu, akamweka chini.

"Shangazi yako aliniambia nikae huko moja kwa moja," alisema. "Nikakubali. Nililala usiku mmoja nimekubali. Halafu nikakumbuka kwamba sijakuchapa."

Alivunja kijiti cha kando ya njia, akanichapa fimbo tatu za miguuni, mbele ya dereva na abiria wake wote. Ziliuma. Ziliuma kama fimbo za mtu mwenye afya, na mwezi mmoja kabla mama yangu hakuweza kuinua kifuniko cha chungu. Nililia kwa sauti mpaka dereva akamsihi aniache, asijue kwamba sikutaka aniache.