Vyoo Juu ya Chemchemi

Fundi mwashi huyu huitwa Mama Timazi, kwa ile timazi, uzi wenye kipande cha chuma wa kupimia wima wa ukuta, isiyobanduka mfukoni mwake. Kusoma anasoma kwa shida. Lakini maji yanakoelekea anakujua, na hilo limewashinda wengi wenye vyeti.

Mwaka huu ofisi ya mipango iliamua kuwajengea wanaoishi ndani ya hifadhi kijiji cha mfano: nyumba arobaini, paa za kuvuna mvua, na mti hata mmoja usikatwe. Na mimi ningeuunga mkono mpango huo. Aliyeuchora ni mtoto wa marehemu dada yake Mama Timazi, ambaye Mama Timazi alimlea mwenyewe tangu akitambaa. Akampa mama yake mdogo kazi ya ujenzi, aanze na vyoo.

Asubuhi ya kwanza Mama Timazi alikuta vigingi vyekundu vimepigwa juu ya mteremko. Akaketi kwenye jiwe. Hatua thelathini tu chini ya vigingi, kuna chemchemi inayonywesha kijiji kizima. Aliifunika yeye mwenyewe kwa bamba la zege, miaka ishirini iliyopita, ng'ombe wasiikanyage, akayatoa maji kwa bomba upande wa chini, akapanda nyasi juu yake.

Aliingia ofisini kwa mtoto wa dada yake na matope yake miguuni.

"Karibu chai, mama mdogo."

"Chai ya maji gani? Umepanga vyoo juu ya chemchemi!"

"Chemchemi? Mbona kwenye picha ya angani haipo?"

"Picha! Umekulia kule. Maji yaliyokukuza ulidhani yanatoka wapi?"

"Kwenye bomba."

Karani aliangua kicheko. Mama Timazi hakucheka. "Niliwaficha ng'ombe maji, kumbe nimewaficha na wasomi."

"Mama, mchoro umeshapitishwa. Kule chini kuna miti, haikatwi. Na wakubwa wanakuja Jumatatu. Chimba tu, tutarekebisha baadaye."

"Mavi yakishaingia kwenye maji utayarekebisha kwa rula? Haya, shika kalamu. Andika: nimeambiwa kuna chemchemi, nami nimeagiza vyoo vichimbwe juu yake. Tia sahihi. Nikitoka hapa nachimba."

Mtoto wa dada yake akaishika kalamu. Akaiweka. Akaanza kueleza habari za kamati.

"Kama mkono wako unaogopa karatasi, wangu haugusi sururu."

Alirudi mlimani, akang'oa vigingi vyote kumi na viwili, akamtuma kibarua avirudishe mezani kwa mwenyewe. Kisha akafyeka nyasi, akafukua udongo mpaka bamba lote likawa wazi, akalizungushia miiba.

Sisi ni watu wa ajabu. Kila mti tumeupiga namba kwa rangi nyeupe, lakini hakuna aliyetoka kwenye gari kumuuliza mchota maji anayachota wapi. Halafu tunauita huo ulinzi wa mazingira. Ni uvivu uliovaa tai.

Mama Timazi alinyang'anywa kazi, na ofisi ile haijamwita tena. Akaletwa fundi mwingine, mwanamume mwenye maneno mengi. Alipanda mteremko, akaliona bamba linawaka jua. Kisha akashuka kwenda ofisini kuomba karatasi ileile, yenye sahihi.

Mpaka leo hajaipata, na shimo halijachimbwa. Mtoto wa dada hakanyagi tena kwa mama yake mdogo. Ila maji ya kunywa, kila asubuhi, bado anatuma achotewe kwenye chemchemi ileile.