Yaya Wangu Anaaga Tena

Ilikuwa mwaka ule tulikula bugali ya manjano. Kama ulikuwa Goma, sina haja ya kukutajia mwaka. Wakimbizi walijaa mpaka juu ya mawe ya volkano, walipewa unga wa mahindi wa msaada, wakauza kidogo wapate chumvi na kuni, na sisi wa mutaa wa Katoyi tukanunua. Unga ule ulikwaruza koo. Koko yetu, mama ya baba, aliusonga, akaweka pembeni sambaza, visamaki vya ziwa vilivyokauka kwenye mafuta mpaka vinalia kwenye meno, akasema, "Kula, mutoto. Tumbo halina macho."

Nimeukumbuka mwaka ule juzi, mbele ya televisheni. Wajukuu wangu (ninao, na wote wanasoma, andika hiyo) waliniwekea filme juu ya orkestra ya yaya, kaka yangu mukubwa. Wanapiga roki tangu utoto, na filme inaonyesha konser yao ya mwisho, ya kuaga muji wao. Yaya mwenyewe alikaa pembeni yangu, ndevu nyeupe. Kesho yake ndege ilikuwa inampeleka Kanada kwa watoto wake. Kwenye kioo watu wanalia, na musimulizi, kwa sauti ya padri, anasema vijana hawa walijifunza muziki chini ya mabomu.

"Mabomu gani?" nikauliza. "Ulikuwa mwiko wa koko wa kusongea bugali!"

"Koko, nyamaza, tusikie!" wajukuu wakasema, maana siku hizi koko ni mimi.

Ninyamaze nini? Mimi nilikuwa pale, ninachagua maharagi.

Batri ya yaya, ngoma zake, ilikuwa makopo makubwa ya mafuta ya msaada. Gitaa lilikuwa kipande cha bido, dumu la maji, na nyaya za breki ya kinga, baiskeli ya baba. Watu wote wa avenyu, barabara yetu, walipenda rumba, lakini dereva mugeni aliwapa kaseti moja ya roki, na kichwa chao kikaharibika. Mwimbaji wao, mutoto wa nyumba ya nyuma, alilia kama mutu amekanyagwa na lori. Ndege za msaada zilipopita juu ya mabati, walinyamaza, wakangoja, wakaendelea palepale walipoachia. Ndipo mwiko ulitoka jikoni ukiruka: "Mumeamusha mbuzi!"

Siku moja wakatangaza wanaenda muji wa Butembo kutafuta jina. Nililia mpaka nikatapika, maana yaya ndiye alinibeba mugongoni tukienda ziwani, na niliona kwamba bila yeye nitabaki na koko na mbuzi. Kwetu mutu hasindikizwi mikono mitupu. Koko akatoa viazi vitamu, mwingine kitenge, na mama jirani, mubahili yule ambaye hata moto alikunyima, akatoa kuku mwenye mayai tumboni. Walipiga nyimbo zote, tukawapakia juu ya lori ya maharagi, tukapunga mikono mpaka vumbi likaisha.

Kesho yake saa sita wakarudi kwa miguu. Barabara ilikuwa imefungwa.

Mama jirani hakuuliza habari ya safari. "Kuku yangu iko wapi?"

"Tulishakula, mama," yaya akasema.

"Na mayai?"

"Pia, mama."

"Haya. Mutachota maji yangu mpaka kuku ingine ikue."

Ungewaona wanamuziki hao wakipanda kutoka ziwani Keshero, bido kichwani, na watoto tunawafuata tukiwaimbia nyimbo zao wenyewe! Sijacheka vile tena.

Wakaaga mara ya pili. Avenyu ikatoa ndizi. Vita ikawarudisha. Mara ya tatu koko aliwapa maji ya kunywa tu, akasema, "Kikombe mukiache hapo."

Filme haina hata moja ya hayo. Inaonyesha ziwa, moshi wa mulima, na wazee wakikumbatiana. Parsele ya koko, kile kiwanja chetu, sasa ni gorofa yenye vioo vya bluu. Koko hayuko, mama jirani hayuko, hata yale makopo sijayaona tena muji muzima. Na mwimbaji hayuko. Vita ilipoingia kweli, mama yake alimuchukua kuelekea Masisi. Asubuhi ile hakukuwa na konser wala kuku. Nilimushika mukono, nikamuaga vizuri kama nilivyofundishwa kanisani. Huyo hakurudi.

Picha yake ilipotokea kwenye kioo, yaya alizima sauti. Wajukuu wakatoka nje mumoja mumoja bila kuambiwa. Nikaleta bugali, nyeupe siku hizi, na sombe ya majani ya muhogo, na sambaza. Hakunawa mikono.

"Kesho ni asubuhi sana," akasema. "Hutafika uwanja wa ndege."

"Sitafika."

"Kwenye konser pia hukuja. Watu wote wa Goma wameniaga, wewe tu umebaki. Niage, dada."

Nikamusogezea beseni la maji. "Mimi sikuagi, yaya. Nawa, chakula kinapoa."

Akacheka, halafu hakucheka. "Muzee kama mimi, nitarudi lini? Sema hata neno moja."

"Mimi sikuagi, yaya. Nawa, chakula kinapoa."