Suruali ya Kukimbilia Muyinga

Baridi ya Gitega haina theluji, ndiyo maana watu wa mbali hawaiamini. Waje mwezi wa Julai, alfajiri, wasimame miguu mitupu kwenye njia ya Ryansoro, kisha tuzungumze. Ukungu unakuwa umelala mabondeni, majani yamelowa umande, na upepo wa kilimani unakupiga mapajani mpaka ngozi inawasha. Ukianza kupanda mlima misuli ikiwa imepoa namna hiyo, mguu unakaza njiani na unarudi nyumbani unachechemea.

Hayo niliyajua nikiwa na miaka kumi na saba, na nje ya ua wa nyumba yetu Magarama sikujua mengine mengi. Shule ilikuwa imeisha. Asubuhi nilifagia ua, mchana nikapika, jioni nikaketi nyuma ya pazia nikisikiliza cherehani ya baba barazani ikienda na kusimama, ikienda na kusimama. Posa zilikuwa zimeanza kuja. Saa ya kukimbia, kabla maduka hayajafunguliwa, ndiyo peke yake niliyoiita yangu, na hata hiyo nilipewa kwa sababu mama aliwaambia majirani daktari ameshauri.

Kisha mwalimu wa timu yetu ya mbio ya mtaani, Mkongomani wa Uvira, akaniandikisha kwenye mbio za vilima kule Muyinga. Wasichana watatu wa kwanza wangechukuliwa kambini Bujumbura, wakae huko, wafundishwe. Kambi ilikuwa mlango, na mimi sikuona mlango mwingine popote.

Nilimwomba baba ruhusa barazani, na hapo nilikosea mahali. Wazee watatu walikuwa wametoka kuswali alasiri, wamekaa kwenye benchi wakingoja kanzu zao. Baba hakuniangalia. Alitoa pini mdomoni, akasema kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya njia: "Ataenda. Lakini mguu yake haitaonekana, toka anatoka hapa paka anarudi." Wazee wakatikisa vichwa, wameridhika. Mimi nikarudi nyuma ya pazia nikiwa na ruhusa iliyofungwa kamba.

Basi nikaanza kutafuta vazi. Mwalimu alikuwa amenipa kaptula ya timu, nyepesi, nzuri ajabu, lakini hiyo ilikuwa haramu tangu siku ya kwanza. Sokoni, kwenye mitumba, nilipata kolani nyeusi iliyobana mguu vizuri na kuzuia upepo. Mama aliishika kwa vidole viwili, akasema mguu uliopakwa rangi bado ni mguu. Nikaleta suruali ya treningi, pana, ya pamba. Kwenye njia ya Ryansoro ilikunywa umande wote wa kilima, ikaninyonga magotini. Nikajaribu ya nailoni. Ikajaa upepo, ikapiga kelele kila hatua, mbwa wote wa mtaa wakanifuata. Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Mchagua jembe si mkulima," akaniambia. Sikucheka. Kila vazi lililokimbia lilikataliwa nyumbani, na kila lililokubaliwa nyumbani halikukimbia.

Mwishowe baba mwenyewe akashona. Mama alinipima kwa kamba, kama ilivyo kwetu, maana fundi hampimi binti yake aliyekua, akampelekea kamba yenye mafundo. Baba alichagua kitambaa kizito cha gabadini, cha kahawia, akaweka flaneli ndani, mbele tu, pale upepo unapopiga paja. Kiunoni akatia mpira. Ilikuwa kazi safi na ilinifika kisiginoni. Niliivaa juu ya kaptula ya timu, nikatembea uani, na kwa mara ya kwanza asubuhi ya Julai haikuniuma. Nilimshukuru. Akaniambia nisiichafue.

Muyinga nililala kwa shangazi. Asubuhi uwanja ulikuwa mweupe kwa ukungu, na wasichana wenzangu walirukaruka mahali pamoja, magoti yamewapauka kwa baridi. Mimi nilikuwa na joto, na niliwahurumia. Mwalimu aliiangalia suruali, akaguna, akaniambia polepole: "Mguu ikishapata moto, hiyo nguo itakuwa mzigo." Nilijua. Lakini shangazi alikuwa amesimama palepale, ameshika mkoba wangu.

Kilima cha kwanza nilikuwa mbele. Cha pili flaneli ikawa tanuri. Jasho lilishuka, umande ukapanda, vyote viwili vikakutana magotini, na gabadini ikawa nzito kuliko mimi. Akanipita mmoja, kisha wawili pamoja. Nilipofika juu ya kilima cha tatu njia ilipinda kwenye mikaratusi, na pale palikuwa hapana mtu. Waliotangulia walikuwa wameshazama upande wa pili, na walio nyuma sikuwasikia. Ng'ombe watatu tu. Nilisimama. Nilitia vidole kwenye mpira wa kiuno. Ndani nilikuwa na kaptula, chini ya kilima ulikuwa mlango wa Bujumbura. Ningeivua, niifunge kiunoni, niivae tena karibu na uwanja. Nani angejua?

Vidole vilikataa. Ukweli ni kwamba nilisikia sauti ya baba pale kwenye mikaratusi wazi kama barazani. Niliivuta suruali juu, nikaendelea kukimbia nikilia kwa hasira. Nilifika wa tano. Shangazi alinifunika kitenge, akasema nimewapa heshima.

Gitega nilirudi mchana. Baba alikuwa peke yake, benchi tupu. Nilimwambia sikuchaguliwa. Aliichukua suruali mikononi mwangu, akaigeuza, akaiangalia flaneli, ilivyokauka na chumvi ya jasho. Akauliza kwa sauti ndogo kama kule milimani kulikuwa na watu. Nikasema hapana, ng'ombe tu.

"Sasa juu ya nini hukuivua?"

Nilidhani ananijaribu. Nikamjibu kwamba yeye ndiye aliyesema mguu usionekane, toka natoka paka narudi.

"Nilisema mbele ya watu," baba alisema. "We nawe. Mi nilijua utaivua."

Nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu, na nilimpenda, na yote mawili hayakunisaidia kitu. Mteja akaingia na kitambaa chake cha kanzu. Baba akapaza sauti tena, akaniambia niende ndani. Nikaenda. Kabla ya baridi ya mwaka uliofuata nilikuwa nimeolewa.