Msimu Mbovu wa Lyle Brandvold

Lyle Brandvold anasambaza gesi katika mashamba yote ya upande wetu wa Minnesota, na sijapata kuona mtu mwenye subira kama yeye barabarani. Theluji ikimkwamisha, anakaa zake ndani ya lori, anakunywa kahawa, anangoja. Ila Jumamosi, chuo chetu kinapocheza futiboli ya Kimarekani, subira hiyo huiacha nyumbani. Najua, maana tumekaa viti vya jirani tangu mwanawe Garrett ajiunge na timu.

Garrett ni pande la mtu. Kazi yake ni kuwazuia wapinzani wasimfikie mrusha mpira, na kazi hiyo aliifanya mazoezini tu, miaka minne. Siku ya mechi alisimama pembeni. Wala timu yenyewe haikuwa ya kujivunia! Msimu ule wake wa mwisho tulifungwa na kila mtu. Tulifungwa mvuani, tukafungwa juani, tukafungwa na chuo cha wahubiri ambacho hata mashabiki wake walituonea huruma. Nilikuwa narudi nyumbani nimenuna hadi mbwa ananikwepa.

Lyle aliumia kuliko sisi sote. "Wanapigwa hivi kila wiki," alikuwa akiniambia huku akigeuza soseji pale maegeshoni kabla ya mechi. "Mwanangu akiingia ataharibu nini? Kuna kitu kimebaki cha kuharibu pale?" Alichotaka ni kumwona akicheza, hata mara moja.

Mechi ya mwisho ya nyumbani, wanaomaliza chuo huingia uwanjani na wazazi wao, na mama hupewa ua. Kocha alimpa Lyle mkono, akamwambia, "Leo kijana ataingia." Lyle alirudi kitini macho mekundu, akasingizia baridi.

Robo ya mwisho ya mchezo ikafika. Tulikuwa tumeachwa mbali mno, hakuna miujiza ambayo ingetuokoa, na kocha bado amewang'ang'ania walewale. Nilitamani kumtupia kiatu.

"We kocha!" Lyle alifoka. "Unamficha wa nini mwanangu?"

"Lyle, keti," mkewe Arlys alisema. "Watu wanatutazama."

"Watutazame! Kwani kuna kingine cha kutazama hapa?"

"Mpira haujaisha."

"Miaka minne naambiwa haujaisha. Nimechoka, Arlys. Naenda maegeshoni kuwasha jiko."

Nilimshika koti. Aliutoa mkono wangu, akashuka ngazi bila kugeuka.

Sasa, uwanja wetu una sheria moja: ukishatoka getini, huruhusiwi kurudi. Iliwekwa kwa ajili ya wale wanaokwenda kunywa kwenye magari yao na kurudi na matusi. Getini husimama Opal Ness, mwalimu mstaafu aliyemfundisha Lyle kusoma.

Lyle ametoka getini, hajafika mbali, spika zikanguruma: "Anaingia namba sitini na saba, Garrett Brandvold!"

Arlys aliruka na ua lake. Mimi nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Garrett alimkumba jamaa mmoja mkubwa kuliko yeye, akamlaza chali, na mkimbiaji wetu mwenye mpira akapenya hapohapo. Mpira ukaisha. Tulikuwa tumefungwa tena, na sisi wawili tunalia kama tumeshinda.

Yaliyotokea getini Opal alinisimulia mwenyewe.

"Mwalimu, nifungulie! Ni mwanangu huyo!"

"Nikikufungulia wewe, Lyle, kesho nitawaambia nini wengine?"

"Sijanywa hata tone, Mwalimu!"

"Najua, mwanangu. Lakini umetoka."

Akabaki ameshika uzio. Kutoka pale huoni uwanja, unaona migongo ya watu waliosimama kushangilia. Nilimkasirikia Opal, nikamkasirikia kocha, na Lyle mwenyewe nilitaka kumzaba kofi.

Garrett alitukuta maegeshoni, matope hadi puani. Lyle alimpa mkate na soseji, akatazama chini.

"Sikukuona, mwanangu. Hasira zilinitoa nje."

"Najua, Baba." Garrett aliushika mkate bila kuula. "Kocha aliponiita, niligeuka kwanza kukuonyesha kwamba naingia. Nikaona mgongo wako ukishuka ngazi. Nilikuita, Baba. Nilikuita kwa nguvu zangu zote."