Mama Deki na Hesabu za Dawa

Miaka kumi na minne alipiga deki wodi ya watoto, hata wauguzi wakamzoea kwa jina la Mama Deki. Alipopata nafasi ya kusomea uuguzi akiwa na miaka arobaini na mmoja, wodi nzima ilimpongeza. Furaha yake yeye ilidumu wiki moja tu. Wiki ya pili zikaja hesabu za dawa.

Majina ya mifupa na misuli aliyameza yote. Hesabu ndizo zilizomkaba koo. Maswali yalikuwa ishirini, na sharti uyapate yote. Ukikosa moja umeanguka, ukianguka mara tatu unafungasha virago. Mara ya kwanza alikosa sita, mara ya pili mawili. Tangu hapo akiiona nukta ya desimali tu moyo humdunda, viganja hulowa jasho. Mumewe, fundi ujenzi, alimtania kwamba nukta haijawahi kumng'ata mtu. Mama Deki hakucheka.

Bintiye wa kidato cha pili akageuka mwalimu wake. Alimtungia maswali kwenye meza ya jikoni, sufuria ikitokota pembeni. Alipomfokea mama yake, alimwomba radhi kwa kikombe cha chai.

Siku nne kabla ya mtihani wa mwisho, wanafunzi walikuwa chuoni kwenye darasa la vitendo. Swali likawa hili: mtoto kaandikiwa miligramu hamsini, na chupa ina miligramu mia tano ndani ya mililita tano. Achomwe kiasi gani? Mama Deki akaandika mililita tano. Mkufunzi, mama mwenye sauti ya upole na macho makali, hakumkosoa. Alimwambia avute maji kiasi hicho kwa bomba la sindano, kisha asogee kwenye kitanda cha mwanasesere.

Bomba likajaa mpaka juu. Akalitazama. Miaka yote ile akipiga deki aliona watoto wakichomwa sindano kila asubuhi, na hakuwahi kuona bomba limejaa vile.

"Umeona nini?" mkufunzi akamuuliza.

"Nimemuua, mwalimu."

"Hujamuua bado. Rudia hesabu."

Akarudia, ikatoka nusu mililita. Lakini hofu ilikuwa imezaa nyingine. Kwanza aliogopa kufukuzwa chuo. Sasa aliogopa kufaulu. Jioni ile aliwaambia wa nyumbani kwamba anarudia deki yake, maana sakafu haifi. Safari hii mumewe hakutania. Alisema kazini kwake huaminiwa fundi anayepima mara mbili, si yule anayejisifu kupima kwa jicho. Binti akachonga penseli.

Mtihani aliufanya. Swali la kumi na saba alilifuta mara tatu, akatoka chumbani wa mwisho. Matokeo yalipobandikwa hakuthubutu kuinua macho. Alitazama viatu vyake mpaka mwanafunzi mwenzake akamsomea: ishirini. Akaenda chooni akatapika.

Sasa ni muuguzi kwenye wodi ileile. Hachomi dawa ya mtoto mpaka mwenzake aje aikague, na wapo wanaomwona msumbufu. Yeye huwajibu kwamba moyo bado unamdunda, kwa hiyo waje upesi, mtoto anasubiri.