Jumapili ya Kumtafuta Mjomba Msituni

Baba yangu hakujua kupanga jambo lolote bila kulipima kwa hatua. Alikuwa polisi wa ajali za barabarani. Kazi yake ilikuwa kufika mahali gari limepinduka, kutembea kutoka tairi hadi mtaroni huku akihesabu, kisha kuchora. Kwa hiyo Mama alipomwambia anataka kuingia msituni kumtafuta kaka yake, Baba hakubisha wala hakukubali. Aliniomba penseli yangu ya shule.

Mjomba alikuwa fundi wa masanduku ya bati kule Katwe. Miezi miwili kabla, wanaume waliovaa miwani ya jua walimtoa karakanani mchana kweupe, wakamtia kwenye buti la gari, na tangu hapo hakuna aliyemwona. Siku zile za utawala wa wanajeshi kila mtu Kampala alijua kwamba waliopotea walitupwa misituni, na kila mtu alijifanya hajui. Sisi tuliishi kwenye kota za polisi, upande wa Ntinda, chumba kimoja na pazia. Kuta zina masikio, wanasema; zetu zilikuwa na midomo pia. Mama alikuwa akilia wakati wa kupuliza sigiri, jiko letu la makaa, ili lawama iende kwa moshi.

Kulikuwa na msitu mmoja kando ya barabara ya Entebbe uliotajwa kwa kunong'ona. Baba alikwenda kwanza peke yake, bila sare. Alirudi na matope hadi magotini, akatueleza njia: inaingia kwenye miti, inafuata kijito, inavuka juu ya gogo, kisha inarudi ng'ambo ya pili mpaka pale pale ilipoanzia. Mwendo wa saa moja na nusu, kilima ni kimoja tu, hata mtoto anaweza. Akasema hakuona kitu.

"Mimi hapana taka kuambiwa," Mama alisema. "Mimi nataka kuona na macho yangu."

"Basi tutakwenda wote, mama watoto. Kama watu nakwenda tembea tu."

Akachora. Alichora msitu ule kama anavyochora ajali: kijito kwa mistari miwili, hatua zimeandikwa pembeni, na alama ya msalaba kila mahali penye kichaka kinene. Akaongeza saa ya kuingia na saa ya kutoka. Ilikuwa kazi safi, naye akaitazama kwa fahari mpaka Mama alipoichukua.

"Afande," alisema. Alimwita hivyo alipokasirika. "Askari ya barabarani ikikuta hii kwa mfuko yako, wewe nasema nini? Saa, misalaba, njia ya kutoka. Hii si matembezi. Hii napindua serikali!"

Baba alinirudishia penseli. Polisi mzima, na hakuwa ameliona hilo! Karatasi ikaingia kwenye sigiri, na njia ikabidi iingie vichwani. Jioni ile alitandaza kitenge sakafuni kikawa kijito. Kitanda kikawa kilima, na benchi likawa gogo. Tukazunguka chumba kile mara sita, Baba mbele, mimi nimebeba chupa ya chai. Mdogo wangu kila akifika kijitoni aliruka katikati na kutikisa miguu akijiona amelowa. Mama alicheka. Nilikuwa nimesahau meno yake yalivyo.

Alikaanga pia kabalagala, vile vitumbua bapa vya ndizi, akajaza kikapu. Baba ndiye aliyesisitiza. Alisema mtu anayetafuta maiti habebi kabalagala. Hakujua kwamba nilikuwa nasikia.

Jumapili tulisimamishwa mahali pamoja tu, kwenye kizuizi cha barabarani. Askari alifunua kikapu, akauliza tunakwenda wapi. "Kutembeza watoto, afande," Baba alijibu, yeye aliyezoea kuitwa hivyo. Askari akachukua vitumbua viwili, akatuambia twende.

Msitu ulikuwa mzuri, na hilo liliniudhi. Maji yalikuwa maangavu, na vipepeo walikuwa wengi. Baba alitangulia akiitazama njia, nyuma na mbele, asije akatukuta mtu. Mama alitembea mwisho na fimbo. Alifunua majani polepole, kama anavyotufunua sisi shuka asubuhi. Mimi niliambiwa nihesabu ndege. Nilihesabu vichaka.

Karibu na gogo Mama aliona kiatu kimoja cha tairi. Akainama, akakigeuza.

"Si yake," alisema. Mjomba alikuwa na mguu mkubwa. Kisha akalia, kwa sababu kilikuwa cha mtu. Alikisafisha udongo, akakiweka vizuri juu ya jiwe, mahali ambapo mtu angeweza kukiona.

Tukamaliza mzunguko bila kukuta kitu kingine. Tulipofika pale tulipoingilia, Baba alishusha pumzi. Nadhani alikuwa amefurahi, na nadhani aliona aibu kwa furaha ile. Mpango ulikuwa tutoke papo hapo, kwa sababu anayepita mara moja ni mpita njia, na anayepita mara mbili ana jambo lake. Alikuwa ametukaririsha hilo kuliko yote.

Mama hakutoka. Alisimama akiitazama miti.

"Tuzunguke tena," alisema.

Nilimtazama Baba. Angeweza kukataa, na angekuwa na haki. Mdogo wangu alikuwa amesinzia begani kwake, na barabarani sauti za magari zilikuwa zinaongezeka. Akamhamishia mtoto bega la pili, akavunja tawi kavu, akalitoa majani, akarudi mitini. Safari hii hakuitazama njia hata kidogo. Mama alichukua upande wa kijito, yeye akachukua upande wa kilima, na kila baada ya hatua chache nilimsikia Baba, polisi wa serikali, akimwita shemeji yake kwa jina.